Nimerithi kanda za ajabu za treni na meli ya Liemba hapa Tabora. Wenye kanda kama hizi majumbani, msizitupe

Fundi wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande kwa sababu naandikia dukani, mteja akiingia naacha.

Mimi ni fundi redio hapa Tabora mjini. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Alihamishwa mara nyingi kati ya Tabora na Kigoma, nasi watoto tukakulia kwenye nyumba za reli, leo Kaliua, mwakani Uvinza. Alipofariki tukagawana vilivyobaki. Kaka mkubwa alichukua baiskeli, dada zangu vyombo, mimi nikapewa boksi la kanda, kwa kuwa "wewe ndiye mtu wa redio". Mlikuwa na kaseti 23 na kanda 4 za visahani, zile kubwa zinazozunguka wazi juu ya mashine.

Nilitegemea kukuta Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, maana ndizo zilizopigwa nyumbani kwetu. Kaseti ya kwanza nilipoitia kwenye deki nikasikia magurudumu ya treni. Nikasubiri muziki uanze. Haukuanza. Upande mzima, dakika 30, treni. Ya pili ilikuwa ya mvuke: chuma kinapumua, watu wanaitana mbali, halafu honi ndefu iliyotetemesha spika hadi nikapunguza sauti. Juu ya kaseti hiyo ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Liemba, usiku, kabla hawajamtoa roho."

Kanda za visahani ndizo zilizoninyima usingizi. Hakurekodi tu na kuacha. Amezikata kwa wembe, akaunga vipande kwa selotepu ambayo sasa imegeuka rangi ya chai. Moja imeandikwa "43" na basi. Nimeihamishia kwenye kompyuta. Ina vipande vitano vya treni vilivyofuatana, na kila kimoja kinachukua sekunde 43. Siyo 42, siyo 45. Mwishoni kuna kipande cha sita kisicho na kitu, nyenje tu. Hicho nimekikata ili faili liwe dogo.

Naendelea baadaye, kuna mtu amekuja na TV.

Fundi wa Ng'ambo

Naendelea. Miezi kadhaa nilifikiri mzee alikuwa anajaribu mashine. Kisha usiku mmoja nikawa natafuta intaneti ina nini kuhusu rekodi za treni za zamani, nikakutana na Mfaransa aitwaye Pierre Schaeffer. Huyu alikuwa mhandisi wa redio Paris. Mwaka 1948 alikwenda stesheni ya Batignolles, akarekodi vichwa vya treni, filimbi na magurudumu, akarudi studio akapanga zile sauti zikawa kazi ya dakika kama tatu. Redio ya Ufaransa ikairusha tarehe 5 Oktoba 1948 katika kipindi kilichoitwa tamasha la makelele. Leo vitabu vya historia ya muziki wa majaribio vinaanzia hapo. Na alifanya yote kwa sahani za santuri, hakuwa bado na kanda. Alichonga mfereji wa santuri ukazunguka na kujifunga wenyewe, sindano ikiingia haitoki, inarudia sauti ileile.

Niliisikiliza ile kazi nikiwa peke yangu na nikalia. Nilikuwa nimeshaisikia nyumbani.

Nikaendelea kuchimba. Kumbe hata Schaeffer alitanguliwa, tena na Mwafrika mwenzetu. Halim El-Dabh, Mmisri, mwaka 1944 aliazima mashine ya kurekodia kwa waya kutoka kituo cha redio cha Cairo. Waya, siyo kanda: sauti inaandikwa kwa sumaku kwenye uzi wa chuma. Akaingia nayo kwenye zaar, ambayo kwetu ni kupunga pepo, akarekodi wanawake wakiimba. Kisha studio akapunguza sauti nzito, akabakiza mwangwi na mvumo unaoelea, hujui tena ni mtu au ni upepo. Kinachosikika leo ni kipande cha dakika kama mbili. El-Dabh alikuja kuishi Marekani na akafa 2017.

Wakuu, mtu wa Cairo na waya, mtu wa Paris na santuri, na mtu wa reli wa Kaliua na wembe. Sisemi baba alikuwa sawa nao. Nasema masikio yao yalifuata jambo lilelile, na za wenzake zimetunzwa.

Binti Kibirizi

Nipo Kigoma, nimesoma yote. Pole kwa msiba na hongera kwa kutunza.

Hiyo kaseti ya Liemba usiichukulie kitu kidogo. Meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa makasha hadi Dar na kupandishwa treni, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Ndiyo maana mzee ameandika "kabla hawajamtoa roho". Picha za Liemba zipo kila mahali, ila pumzi yake ya mvuke sijawahi kuisikia popote.

Naongeza jambo kuhusu huyo Schaeffer. Bibi yangu upande wa mama ni wa Makamba, Burundi. Kwao kuna inanga, zeze la ubao uliochimbwa kama hori lenye nyuzi ndefu nzito. Mpigaji haimbi kwa sauti, ananong'ona, ule mnong'ono unashikana na nyuzi hadi unaona kama inanga yenyewe ndiyo inayosema. Lebo ya Ocora ya Ufaransa ilirekodi ngoma na inanga za Burundi mwaka 1967, na ile santuri ikasambaa duniani, ngoma zake zikachukuliwa na wanamuziki wa Ulaya na Marekani. Sasa hiyo Ocora imetokana na shirika la redio la Ufaransa lililohudumia makoloni yake ya Afrika, na mmoja wa waanzilishi wake ni Schaeffer huyuhuyu. Yule wa treni za Batignolles.

Bibi akisikia ile ya kunong'ona anazima jiko na kukaa chini.

Mwembe Mmoja

Mkuu pole sana. Ila nitasema ninachoamini. Sauti ya treni ni sauti ya treni. Ukiweka redio kwenye mashine ya kusaga utapata upande mzima wa mashine ya kusaga. Muziki una mtunzi, aliyeamua hiki kitangulie na hiki kifuate kwa sababu fulani. Mzee wako alirekodi, nampa heshima yake kwa hilo. Kutunga ni jambo jingine.

Fundi wa Ng'ambo

Mkuu Mwembe Mmoja, asante kwa kusema wazi.

Kwenye kelele sikubaliani nawe. Wazee wetu hawakuikimbia kelele, waliitafuta. Tazama malimba: fundi akishapanga vichuma vyake vizuri, anaongeza vipete vya bati ili kila noti iwe na mvumo. Angetaka sauti safi angeviacha. Manyanga na njuga hazina noti hata moja, na toa hizo uone kama ngoma ya Kinyamwezi itasimama.

Ila kuhusu mtunzi umenigusa. Kwa nini vipande vile vikapangwa vile? Sijui. Leo sina jibu lako.

Msikilizaji wa Kopi

Wadau wa kanda za zamani nadhani mnajua kopi ya kopi. Unaazima kaseti ya taarabu kwa jirani, unahamisha kwenye deki mbili, mwingine anahamisha kutoka kwako, ikifika mtu wa sita mwimbaji yuko ndani ya kisima.

Mmarekani Alvin Lucier mwaka 1969 alilifanya hilo kuwa kazi nzima. Alikaa chumbani akasoma maneno machache na kujirekodi. Akapiga ile rekodi chumbani humo na kuirekodi upya, kisha ile mpya akairekodi tena, na tena. Kila chumba kina sauti zake kinazozipenda, kinazikuza na kuacha nyingine zife. Mwisho maneno yote yameyeyuka, unasikia chumba kinaimba. Lucier alikuwa na kigugumizi, na ndani ya maneno anayoyasoma anasema kabisa kwamba kazi hii itausawazisha usemi wake. Mimi nina kigugumizi tangu utoto. Hakuna rekodi niliyoisikiliza mara nyingi kama hiyo.

Mwingine ni William Basinski wa New York. Mwaka 2001 alikuwa anahamisha kanda zake za miaka ya 1980 kwenda dijitali, akaona ile poda ya kahawia inabanduka kadiri kanda inavyozunguka. Hakuizima. Aliiacha ijifie huku anarekodi, na kule kufa ndiko kukawa muziki.

Mkuu Fundi, za baba yako zina hali gani?

Fundi wa Ng'ambo

Msikilizaji, hapo umeshika kidonda. Zilikuwa kanda 4 za visahani. Sasa ni 3.

Ya nne niliiharibu mimi. Niliiweka kwenye mashine, ikaanza kupiga ukelele kama mlango wenye kutu, nikafikiri ni kiroleri cha mpira kimekauka. Nikaiacha iendelee. Nilipofungua nikakuta hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, imejaa uji wa kahawia. Ule uji ndio sauti yenyewe, wakuu. Sauti ya baba ilikuwa imeganda kwenye chuma na mimi naifuta kwa pamba.

Ndipo nikajifunza. Kuna kanda za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi inayoshika ile poda ya sumaku inanyonya unyevu wa hewa, inalainika, inanata. Ukiipiga hivyohivyo unaikwangua. Wataalamu huipasha kwanza joto dogo, nyuzi 50 na kidogo za Selsiasi, kwa saa nyingi, kwenye chombo kinachoshika joto bila kupanda wala kushuka. Ikikauka inakubali kupigwa kwa muda, na hapo ndipo unaihamisha. Usijaribu kwenye jiko la mkaa wala oveni ya keki. Ikipiga ukelele, zima. Hilo tu lingeiokoa ya kwangu.

Kanda zikinuka siki ni ugonjwa mwingine. Hizo ni zile kongwe za asetati, plastiki yenyewe inaoza, na moja inaziambukiza nyingine. Zitenge.

Kaseti ni rafiki zaidi. Itazame kaseti kwenye ule ukingo wazi, angalia kile kisponji kidogo nyuma ya kanda kama bado kimeshika, kikidondoka sauti inakuwa ya mbali. Kama ganda lina skrubu tano, hamishia kanda kwenye ganda jipya. Zungusha kwa penseli mwanzo hadi mwisho kabla ya kupiga, safisha hedi kwa pamba yenye spiriti, na hedi ikauke kwanza. Zile nyembamba za dakika 120 zichukulie kama yai. Zenye ukungu mweupe usizipige ndani, ule unga unaruka hadi kifuani.

Wakati wa kuhamisha, hifadhi faili kama WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, kilohezi 96 kama mashine yako inaweza, na usisafishe chochote. Ile programu ya kuondoa kelele haijui kelele ipi ni kanda na ipi ni mvuke wa Liemba. Safisha kopi, ya kwanza ibaki ilivyo.

Vijana wengi wanaleta dukani kaseti za wazazi wao nizifute warekodi nyingine, au wanauza boksi zima kwa mtu wa chuma chakavu. Nawaomba, sikilizeni kwanza. Delia Derbyshire, mama wa Kiingereza aliyetengeneza sauti za ajabu kwenye studio ya BBC, alipofariki 2001 walikuta kanda 267 darini kwake, na leo ziko Chuo Kikuu cha Manchester. Hizo zilipata watu wa kupanda darini.

Binti Kibirizi

Na sisi tunazo zetu zilizo mbali. Mwaka 1909 Mjerumani Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi kutokana na sauti zilizorekodiwa kwenye silinda za nta, rekodi za kale zenye umbo la mrija. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika 1950 na mashine zake, na rekodi zake ziko Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini. Ukitaka kusikia babu wa babu yako Tabora akiimba unaandika barua ng'ambo. Za boksi la Fundi ziko Ng'ambo ya hapahapa, mtaa wa Tabora.

Mkuu, tuwekee hiyo ya "43" tuisikilize.

Fundi wa Ng'ambo

Nimeiweka. Vipande vitano, dakika 3 na nusu hivi. Tumieni spika za masikioni.

Mzee wa Kaliua

Mwanangu, mimi si mwandishi wa mitandaoni, mjukuu ndiye anaandika ninayosema. Nilikuwa gadi wa treni miaka mingi. Nimesikiliza mara tatu.

Kipande cha nne, pale sauti inapokuwa tupu chini kama mtu amevua ngoma ngozi, hiyo ni daraja. Na kwa jinsi linavyochukua muda ni Malagarasi. Baba yako alikuwa dirishani upande wa kivuli, maana upepo haupigi mashine.

Sasa hiyo 43. Mnaijadili kama hirizi, kwetu ilikuwa kazi. Ikiwa kipande cha reli kina mita 12, shika saa, hesabu maungio unayoyasikia chini ya kiti chako kwa sekunde 43. Idadi utakayopata ndiyo mwendo wa treni kwa kilomita kwa saa. Piga hesabu: mita 12 kwa kila sekunde 43 ni karibu mita 1,005 kwa saa. Hesabu magurudumu yaliyo chini yako tu, usichanganye na ya behewa la jirani. Gadi mzuri hakuhitaji dereva amwambie.

Hesabu maungio, mwanangu. Kila kipande.

Fundi wa Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Sina la kusema. Nafunga duka.

Mzee wa Kaliua

Marahaba. Nenda kahesabu.

Fundi wa Ng'ambo

Wakuu, ni saa saba usiku. Nimehesabu kila kipande mara nne kwa penseli na karatasi, nikiweka kistari kwa kila pigo.

Kipande cha kwanza: 9. Cha pili: 14. Cha tatu: 22. Cha nne, darajani: 31. Cha tano: 38.

Hiyo siyo safari. Daraja la Malagarasi halipo mahali ambapo treni inang'oa kutoka stesheni, na kipande cha pili kina mvua ilhali cha kwanza na cha tatu ni vikavu. Vimetoka siku tofauti, labda miaka tofauti. Alirekodi masafa marefu, akahesabu, kisha akachagua vya kumpa mwendo anaoutaka na kuvipanga kutoka polepole hadi kasi. Lile daraja akaliweka la nne, ili sauti ifunguke kabla ya mbio za mwisho.

Na nimekumbuka jambo. Nyumba ya Kaliua ilikuwa na misumari miwili kwenye ukuta wa baraza, mbalimbali sana, mama akiitumia kufungia kamba ya nguo. Mashine yake ya visahani ilikwenda sentimita 9.5 kwa sekunde. Sekunde 43 ni karibu mita 4 na sentimita 9. Nilimwona nikiwa mdogo akivuta kanda kutoka msumari hadi msumari, wembe mdomoni, akitufukuza tusimpite. Tulifikiri anaunga kanda iliyokatika.

Mwembe Mmoja

Mkuu Fundi, mimi ndiye niliyesema hakuna mtunzi. Nimesoma hayo masaa mawili yaliyopita na bado nimekaa. Nina swali moja. Kile kipande cha sita, cha nyenje, ulichosema umekikata. Kina sekunde ngapi?

Fundi wa Ng'ambo

Nilikikata kwenye faili, kwenye kanda bado kipo. Nimeirudisha kwenye mashine sasa hivi, nikashika saa.

43.

Maungio sifuri. Treni imesimama. Kuna nyenje, mtu anakohoa mara moja mbali, na chuma cha behewa kinachopoa kinatoa mlio mdogo, kinanyamaza, kinatoa tena. Kwenye sekunde ya 40 unasikia mtu aliye karibu na mashine akivuta pumzi kwa pua. Ana mafua. Baba alikuwa na mafua kila msimu wa moshi wa mashamba.

Nimekirudisha mahali pake. Faili jipya nimeliweka juu, futeni lile la mwanzo.